Mguu Uliotangulia Kabazi

Ndugu zangu, mkiniruhusu nitakaa. Pasta amesema ushuhuda hutolewa mtu akiwa amesimama, lakini huu mguu wa plastiki na hii sakafu ya simiti havijapatana bado, na sitaki kuanguka hapa mbele halafu mdhani ni Roho. Asanteni. Kiti kinatosha.

Nianze kwa kuwaonya. Najua tumezoea mtu akija hapa analia, tunalia naye, kisha anaruka na sisi tunaruka. Kuruka, mnaona wenyewe. Na kulia pia sijui sana. Ugonjwa huu ulinipitia kama mtu anayepita nyumbani kwako usiku na hakubishi hodi, unajua tu asubuhi kwamba vitu havipo. Kwa hivyo nikiongea kama mtu anayesoma bei ya mbolea, msiseme nina kiburi. Ndivyo ulivyonijia, na ndivyo ninavyoweza kuutoa.

Wengi mnanijua. Nilizaliwa hapa hapa Kabazi, kwa lile shamba dogo ambalo baba alinunua babu alipostaafu kazi ya reli Nakuru. Nilipomaliza shule nikaenda Naivasha kufanya kazi ya maua, nikapanga chumba Kihoto, kwa sababu ni karibu na kazi na kodi yake si ya kuua mtu. Yeyote aliyekaa Kihoto anajua maji ya lile ziwa la Naivasha yakipanda. Hayaji na kelele. Unaamka tu unakuta sufuria inaelea na kiatu kimoja kimehama.

Mwaka ule maji yalikaa. Tulienda kazini na gambuti, tukirudi tunavua nje ya mlango na kumwaga maji kama watu waliotoka kuvua samaki. Ploti nzima, wapangaji wote, ilikuwa inaumwa na miguu. Huyu kisigino, yule goti, mwingine vidole vimeoza. Basi mguu wangu wa kulia ulipoanza kuuma chini kidogo ya goti, nani angeshangaa? Nilimwambia jirani, akacheka.

"Karibu kwa chama," akasema. "Hiyo ni baridi imeingia kwa mfupa. Ngoja jua."

Kulikuwa na mama mmoja pale ploti ambaye hukanda watu. Ana mikono mizuri, nawaambia, na hakuwa na ubaya wowote. Alinikanda na maji moto ya chumvi, kisha mafuta, kisha akafunga kitambaa. Kwa wenzangu ilisaidia. Kwangu ilisaidia jioni, na nikilala maumivu yanarudi. Pakatokea uvimbe mgumu, umeshikana na mfupa. Yeye akasema ni baridi imejikusanya, inataka kutoka. Mimi nikaamini, maana kila mtu alikuwa na baridi yake.

Kisha maji yakarudi ziwani. Kihoto ikakauka, watu wakaanika magodoro, miguu ya watu ikapona. Siku moja tunapanga maua kwa vikapu, msimamizi wetu akanitazama nikitoka huku kwenda kule.

"Boss," akaniambia, "maji yaliisha kitambo. Wewe bado unachechemea ya nini?"

Ni swali dogo, ndugu zangu. Lakini niliweka kikapu chini. Nikaenda hospitali siku hiyo hiyo.

Nilipigwa eksirei. Yule aliyenipiga picha alikuwa akipiga stori za mpira, lakini alipoiangalia picha akaniuliza kama nimekuja na mtu. Nikasema niko peke yangu. Akasema sawa. Wakaniandikia niende Nakuru.

Daktari wa Nakuru alikuwa mama mpole, haongei haraka. Aliweka ile picha kwenye taa akanionyesha. "Hapa juu mfupa uko laini, kama ukuta uliopigwa plasta vizuri," akasema. "Teremka hapa. Unaona umemea miba?" Nikaona. Kweli ulikuwa umemea miba, imetoka nje ya mfupa kama michongoma.

"Nani amekuwa akiukanda?" akauliza.

Nikamwambia.

"Asikande tena. Hata mafuta usipake. Na uache kuukanyagia kwa nguvu, unaweza kuvunjika."

Hakuniambia ni nini siku ile. Alisema picha haitoshi kumhukumu mtu, lazima wachukue kipande kidogo cha ule uvimbe kiende maabara. Na akasisitiza kwamba atakayechukua ni yule daktari wa upasuaji atakayenitibu, kwa sababu hata ile njia ya sindano ina mahali pake pa kupita. Wakanichoma dawa ya ganzi, wakaingiza sindano nene, nikasikia kitu kinasukumwa na kuvutwa lakini sikusikia uchungu. Sasa, nikiangalia nyuma, naona ni kama ile ganzi haikutoka tena. Ilipanda kutoka kwa mguu ikaenea.

Majibu yaliporudi yule daktari alivuta kiti akakaa karibu. Akasema ni saratani ya mfupa. Akasema haikutoka mahali pengine mwilini, imezaliwa hapo hapo kwa mfupa, na huwapata sana vijana. Si baridi, si maji ya Kihoto, si kukandwa, hakuna aliyenifanyia chochote. Halafu akasema sasa lazima tujue imefika wapi, maana matibabu yanategemea hilo. Ugonjwa huu ukitembea, akasema, hupenda kwenda kwa mapafu.

Nikaingizwa kwa ile mashine inayopiga kelele kama mtu anagonga mabati, wakapima mguu wote kutoka nyonga hadi kifundo. Nikapigwa picha ya kifua. Nikapigwa nyingine ya mifupa yote. Siku ya kusomewa, daktari alitabasamu kwa mara ya kwanza. Mapafu yalikuwa safi. Akanishika bega. Akangoja niseme kitu.

Nikamuuliza kama naweza kwenda kunywa chai.

Mnacheka. Hata yeye alicheka. Lakini nawaambia ukweli, sikuhisi kitu. Alikuwa ameniambia habari njema kuliko zote, na mimi nikaona kiu tu.

Dawa zikaanza, na mama akaja Nakuru kunikalia wodini. Mpango ulikuwa hivi: dawa kwanza za kuupunguza ule uvimbe na kuua mbegu zozote zilizotoroka kwa damu, kisha upasuaji, kisha dawa tena. Nilitapika mpaka nikachukia harufu ya chai yenyewe. Nywele zikaenda, nyusi zikafuata. Mdomo ukawa vidonda. Vidole vya mikono vikafa ganzi, nikashindwa kufunga vifungo vya shati. Daktari akasema ile ganzi ya vidole ni dawa, huenda ikapungua. Ile nyingine hakuniuliza, na mimi sikumwambia.

Dawa za kwanza zilipoisha wakapima tena. Uvimbe ulikuwa umepungua, lakini ulikuwa umekumbatia mshipa mkubwa wa damu. Daktari akaniambia wazi. Kuna watu hutolewa kipande cha mfupa mbovu wakawekewa chuma, na mguu wao unabaki. Kwangu haiwezekani. Wakijaribu kuuokoa mguu wataacha ugonjwa ndani. Itabidi wakate juu ya goti. Na wasichelewe, kwa sababu sasa dawa zimeupiga umelala, na ukiamka hatujui utaelekea wapi.

Nikasema sawa. Mwaka ule nilisema sawa kwa kila kitu.

Sista wa wodi akaleta karatasi ya kukubali. Akauliza swali moja ambalo sikuwa nimelifikiria. Mguu ukikatwa utaenda maabara kwanza, waone dawa zimeua ugonjwa kiasi gani. Baada ya hapo, familia itauchukua, au hospitali ibaki nao iuchome?

Nilikuwa mtu mzima, kalamu nilikuwa nayo mimi. Lakini mnajua kwetu. Mtu hajisainii mguu peke yake. Nikampigia baba simu.

Baba aliniambia nirudie swali la sista. Halafu akasema, "Usisaini. Njoo nyumbani kwanza."

Hapo ndipo mambo yalikwama, na hapo ndipo ningekufa nikingoja, ndugu zangu.

Baba aliwaita ndugu zake kutoka kwetu magharibi, alikotoka babu. Wakaja, wakakaa kwa sebule yetu, mimi kwa kochi na mguu juu ya stuli kana kwamba ni mgeni wa heshima. Kila mtu alikuwa anauangalia mguu, hakuna aliyeniangalia mimi.

Baba mkubwa ndiye alianza. Alisema kwa ukoo wetu hakuna mtu amewahi kuzikwa nusu. Ukichimbia mtu aliye hai kaburi, hata la kipande, umeita kifo na umekionyesha mlango. "Mguu ukitangulia," akasema, "mwili unafuata."

Mwingine akasema basi uachwe hospitali uchomwe. Baba akaruka. "Mtoto wangu hachomwi kama takataka!"

Mwingine akasema upelekwe magharibi, kwa makaburi ya babu. Wakatazamana. Nani atasafiri na mguu? Na ukifika utaombewa vipi, na jina la mwenye mguu bado linaitwa?

Basi uzikwe hapa Kabazi. Hapo wote walikataa pamoja. Tangu baba anunue lile shamba halijawahi kupokea mtu wetu. Waliokufa wote tumewarudisha magharibi. Nyinyi majirani mnajua, na mnajua ni kwa nini, kuna miaka ya fujo za uchaguzi ambayo watu waliulizwa hapa ni kwenu ama si kwenu. Baba alikuwa ameshikilia kwamba hilo shamba ni la kulima, si la kulala. Na sasa wa kulifungua awe ni mtoto wake, tena akiwa bado anapumua?

Waliongea mpaka chai ikapoa, ikapashwa moto, ikapoa tena. Mimi niliwasikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Nilijua ule uvimbe haukuwa umekuja kwa mkutano. Ulikuwa unaendelea na kazi yake. Lakini sikuwa na nguvu ya kugombana. Kama wangesema nife na mguu wangu, nafikiri ningesema sawa.

Sasa, senje yangu, dada ya baba, alikuwa jikoni. Anauza omena, wale dagaa wa ziwani, kwa soko na sauti yake mnaijua, akiita mteja huku, mbwa wa kule Subukia wanabweka. Alitoka na mwiko mkononi.

"Mmemaliza?" akauliza.

Wakamgeukia.

"Nauliza nyinyi wanaume. Siku huyu anazaliwa mlikuwa wapi?"

Baba akasema, "Dada, hiyo imeingiaje?"

"Imeingia kwa mlango. Barabara ilikuwa imekatwa na mvua, gari halingeweza kupita, nikamzalisha mama yake kwa chumba kile pale. Wewe ulikuwa nje unazunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia." Wazee wakacheka kidogo. Yeye hakucheka. "Huyu akatoka. Na ile iliyomfuata ikatoka. Kondo ya nyuma. Nani aliizika?"

Akawaelekezea mwiko mmoja mmoja.

"Mimi niliizika. Pale nyuma kwa migomba, na jembe la mpini uliovunjika. Mlipiga matanga? Mliimba? Nani alichinja? Nani alinyoa? Tulinawa mikono tukakula ugali. Sasa niambieni. Kile kilikuwa kipande cha nani, kama si chake? Ameishi duniani miaka hii yote, kipande chake kiko kwa udongo wa Kabazi. Mwili ulifuata? Si huyu hapa, amewanyamazia tu kwa sababu mmemchosha!"

Akamgeukia baba mkubwa. "Mnaogopa kufungua shamba. Shamba nililifungua mimi, na hamkujua. Mkichimba kaburi, mtakuwa mmechimba kaburi. Mimi sijasema kaburi. Nimesema shimo, kwa migomba, karibu na mwenzake."

Akarudi jikoni. Tukamsikia akisonga ugali.

Baba mkubwa alikohoa. Akasema, "Huyu mwanamke." Basi, hakuongeza. Baba alikaa akiangalia mikono yake. Kisha akainuka akatoka nje, na kutoka pale kwa kochi nikamwona kupitia dirisha, ameshika panga, anasafisha majani makavu chini ya migomba.

Aliporudi aliniambia, "Kesho nakupeleka. Usaini."

Nilikatwa. Sina hadithi ya pale, nililala nikaamka. Blanketi ya hospitali ilikuwa imeinuka upande mmoja na upande wa pili imelala bapa. Niliangalia, nikaona ni kweli, nikafunga macho. Sista akauliza kama nataka kuongea na mtu. Nikasema hapana.

Baba ndiye aliyeenda kuuchukua maabara walipomaliza nao. Kuna ndugu hapa kanisani hupeleka kabeji soko la Nakuru. Alikuwa anarudi na pikapu tupu, akambeba baba na ule mzigo, na njia nzima, baba anasema, waliongea habari ya bei ya kabeji. Ndugu yangu, umekaa hapo karibu na dirisha. Sijawahi kukushukuru. Asante.

Senje alisimamia. Shimo likawa la mviringo, si refu. Hakuna sanduku, hakuna wimbo. Pasta hakualikwa, na hakukasirika. Sana. Waliporudi ndani walinawa mikono, wakakula.

Mimi nilikuwa bado wodini, na kuna jambo daktari alikuwa amenionya. Mguu ukishaenda, akili bado inautafuta. Nilisikia vidole vya mguu usiokuwepo vikiwasha. Siku nyingine vilikunjamana vikauma. Na kuna siku ulishikwa na baridi, baridi kama ile ya maji ya Kihoto asubuhi. Baba akapiga simu kunijulia hali. Kila siku mimi humjibu "niko sawa." Siku ile sijui ni kwa nini nikamwambia, "Baba, ule mguu unasikia baridi."

Akauliza, "Upi?"

Nikasema, "Ule."

Akasema, "Haya," akakata simu.

Daktari alisoma majibu ya maabara, dawa zilikuwa zimeua karibu ugonjwa wote ndani ya ule mfupa. Tukamalizia zile dawa za mwisho. Nikaruhusiwa kurudi nyumbani kwa magongo.

Siku ya kwanza nilipoweza kutembea hadi nyuma ya nyumba nilienda peke yangu. Sikuwa na la kuomba wala la kusema. Nilitaka tu kuona. Majani makavu ya mgomba yalikuwa yamerundikwa pale, mengi, na juu yake jiwe ili upepo usiyachukue. Nikayasogeza na gongo. Chini ya majani kulikuwa na blanketi. Ile blanketi ya kijivu ya baba, ambayo alirithi kwa babu kutoka reli, ambayo sisi watoto hatukuruhusiwa hata kuikalia. Alikuwa ameitandaza juu ya udongo na kuikunjia pembe zake vizuri, kama vile mtu hufunika mtoto.

Ndugu zangu, nililia. Nililia mpaka gongo likaanguka nikaketi pale chini kwa matope. Uchungu wote ulikuja pamoja, wa sindano, wa kutapika, wa ule upande bapa wa kitanda. Uliniuma sana. Na ulikuwa mzuri, kwa sababu ulikuwa wangu na niliusikia.

Nikarudisha majani na jiwe. Sikumwambia. Na yeye hajawahi kuniambia.

Sasa nimalize, naona pasta anaangalia saa. Nashukuru yule msimamizi aliyeuliza kwa nini bado nachechemea. Nashukuru daktari aliyekataa kunihukumu kwa picha moja. Nashukuru nyinyi mliochanga, mliolima viazi vyetu mama akiwa nami hospitali, na hata wewe uliyesema huko sokoni kwamba kwetu kuna kaburi la mtu anayetembea. Nimekusamehe, lakini njoo uone, ni mgomba tu. Senje, wewe usiinuke, ukiinuka utaanza kuongea.

Somo langu ni fupi. Maumivu ya wote yakiisha na yako yakabaki, hayo si ya wote tena. Uvimbe ulio juu ya mfupa, unaouma ukiwa umelala, usipeleke kwa wa kukanda, upeleke ukapigwe picha. Na ukiambiwa kitu kikatwe, uliza, elewa, kisha usikae kwa mkutano mpaka ugonjwa uchoke kukungoja. Mimi bado narudi kupigwa picha ya kifua. Mpaka sasa ni safi. Sitawaahidi zaidi ya hiyo.

Na baba. Naona uko pale nyuma, umekaa kwenye benchi la mwisho kama kawaida, unajifanya unatafuta kitu kwa Biblia. Nilienda pale kwa migomba. Niliona. Mvua iko karibu na ile blanketi itaoza. Nenda uichukue, baba. Mguu umepata joto.